Mtuhumiwa Arudishwe Mahali Pake: Juu ya Kujua Chanzo cha Hitilafu

Chanzo cha hitilafu ni kitu ambacho kikiondolewa hitilafu huondoka, na kikirudishwa hitilafu hurudi nacho. Maelezo haya yanaonekana mepesi, lakini nusu yake ya pili husahauliwa karibu kila siku. Watu wengi huridhika na nusu ya kwanza: kitu kimetolewa, shida imekwisha, basi kitu hicho ndicho kilichokuwa kibovu. Kati ya kuridhika huko na kujua hasa pana umbali, na wanafalsafa wameupima umbali huo kwa karne nyingi. Kompyuta ya michezo inayozima ghafla ni mahali pazuri pa kuupima upya, kwa sababu ndani ya sanduku moja wamo washukiwa wachache wanaojulikana kwa majina, na kila mmoja anaweza kuhojiwa.

Washukiwa hao ni pawa saplai, prosesa, kadi ya picha, vipande vya RAM, madabodi, diski, pamoja na programu zinazoviendesha, yaani mfumo endeshi na draiva. Mchezo mzito huvifanyisha kazi karibu vyote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kompyuta inayoandika barua kutwa nzima bila usumbufu huweza kuzima dakika ya ishirini ya mchezo: joto limepanda, umeme unaovutwa unaruka juu na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kumbukumbu inasomwa na kuandikwa bila kupumzika. Udhaifu uliokuwa umelala umeamshwa. Aliyeuamsha, yaani mchezo, mara nyingi ndiye wa kwanza kulaumiwa, na mwenye kompyuta huufuta na kuupakua upya mara tatu kabla ya kushuku kitu kingine.

Dalili na chanzo

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo huweka mambo mawili karibu bila kuyachanganya: wingu linaashiria mvua, na anayeliona huanua nguo kambani, lakini hakuna anayekinga ndoo chini ya wingu akidhani amekwisha kupata maji. Katika kompyuta, tofauti hii ya dalili na jambo lenyewe hupotea kwa urahisi, kwa sababu dalili zake huja kwa maneno, na maneno huaminiwa haraka.

Katika Windows, mashine ikizimika bila utaratibu, kumbukumbu ya matukio huandika tukio namba 41. Wengi hulisoma, huona limetaja umeme, kisha huenda dukani kununua pawa saplai mpya. Lakini tukio hilo huandikwa kompyuta ikiwaka tena, na linachosema ni kwamba mara iliyopita mashine haikuzimwa inavyopaswa. Ni kama mlinzi aliyeingia zamu akakuta taa zimezimika, akaandika daftarini kwamba palikuwa na giza. Amesema kweli, ila aliyezima taa hakumwona.

Dalili iliyopotosha watu wengi zaidi ilionekana kati ya mwaka 2023 na 2024. Wachezaji wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14, hasa za daraja la juu kama i9-13900K na i9-14900K, walianza kuona michezo iliyojengwa kwa Unreal Engine ikijifunga yenyewe na kutoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Ujumbe uliitaja kadi waziwazi, na kuishuku kadi lilikuwa jambo la busara. Lakini kumbukumbu ya kadi ilikuwa ya kutosha. Prosesa ndiyo iliyokuwa ikikosea: ilipofungua data iliyobanwa ilitoa jibu lisilo sahihi, jibu hilo likapita hatua kwa hatua ndani ya programu, na mwishoni likajitokeza kama lawama juu ya kadi. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti za juu kupita kiasi kutokana na kosa katika maikrokodi, yaani maagizo ya ndani yanayoiongoza prosesa, na Agosti ikatoa marekebisho.

Hapa pana somo juu ya ushahidi. Ujumbe wa hitilafu ni shahidi asiye na sababu ya kusema uongo, lakini anaona kutoka pale aliposimama tu. Programu inayoomba nafasi kwenye kadi na kunyimwa haijui kilichotokea ndani ya prosesa sekunde moja kabla. Ukweli wa shahidi na usahihi wa hitimisho lake ni mambo mawili, na kila mahakama inayojali haki huyapima mbalimbali.

Kubadili kitu kimoja

Fundi makini huanza kwa daftari. Mezani kompyuta imefunguliwa ubavu, na vumbi limetanda juu ya mapezi ya kipoza joto kama blanketi la kijivu. Vumbi hilo analiacha kwanza, ingawa mkono unamwasha kulifuta, kwa sababu kulifuta ni badiliko, na badiliko lisiloandikwa litamchanganya baadaye. Vipande viwili vya RAM vimesimama katika nafasi ya pili na ya nne. Anabonyeza vishikizo, anachomoa kipande cha kwanza na kukibandika karatasi yenye herufi A. Cha pili anakipa herufi B. Anaanza na A peke yake katika nafasi ya pili, kisha A katika nafasi ya nne, kisha B katika nafasi ya pili, kisha B katika nafasi ya nne. Kila mara ni mchezo uleule, ramani ileile, feni ya chumba kwenye kasi ileile. Kila mara anaandika kipande, nafasi, muda na matokeo.

Mistari minne ya daftari hilo ina nguvu kuliko siku nne za kubahatisha. Kompyuta ikizima kwa A katika nafasi zote mbili na ikatulia kwa B popote pale, shaka inaelekea kwa A. Ikizima kwa vipande vyote viwili, lakini katika nafasi ya nne tu, shaka inahama kutoka kwenye RAM kwenda kwenye madabodi. Ikizima katika majaribio yote manne, huenda RAM haihusiki kabisa, na fundi hugeukia mshukiwa mwingine bila kuwa amenunua chochote.

Kanuni ya kazi hii ilielezwa na John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu chake A System of Logic cha mwaka 1843. Aliiita njia ya tofauti: hali mbili zikilingana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na jambo likatokea katika moja na lisitokee katika nyingine, basi kile kilichotofautiana ndicho chanzo au ni sehemu ya chanzo. Mill aliongeza njia ya mabadiliko yanayokwenda pamoja, ambayo hufaa pale kitu kisipoweza kuondolewa kabisa. Kompyuta haiwezi kuendeshwa bila joto wala bila volti, lakini joto linaweza kupunguzwa kwa kuongeza kasi ya feni, na kasi ya RAM inaweza kushushwa. RAM nyingi za michezo hufikia kasi iliyoandikwa kwenye boksi baada tu ya mpangilio maalumu kuwashwa katika BIOS, yaani programu ya msingi ya madabodi. Mpangilio huo ukizimwa hurudi kwenye kasi ya kawaida iliyo chini zaidi. Ikiwa kuzima hupungua kadiri kasi inavyoshushwa, fundi ameonyeshwa njia.

Kinyume cha subira hii kinajulikana. Mwenye kompyuta aliyekasirika husafisha vumbi, hubadili draiva, huweka pawa saplai mpya, huchomoa na kuchomeka RAM, na kupaka grisi mpya kwenye prosesa, yote usiku mmoja. Asubuhi kompyuta inafanya kazi. Amepata mashine nzima, na hilo si dogo, lakini hajui kilichoiponya. Ikizima tena mwezi ujao ataanza mahali palepale alipoanzia.

Lawama nayo ina mazoea yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kipuri kilichoingizwa karibuni hushukiwa kabla ya vyote. Mazoea hayo yana hekima ndani yake: kama kompyuta ilitulia mwaka mzima na ikaanza kuzima siku ile kadi mpya ilipowekwa, kadi inastahili kuulizwa kwanza. Kosa huingia pale anayestahili kuulizwa kwanza anapohukumiwa bila kuulizwa. Kadi mpya huenda ni nzima kabisa, ila inavuta umeme mwingi kuliko ile ya zamani, na mgonjwa wa kweli ni pawa saplai iliyochoka ambayo zamani haikuwahi kubebeshwa mzigo wake wote.

Kurudisha mtuhumiwa

Kipande A kimetolewa na kompyuta imetulia. Mafundi wengi huishia hapo, na ndipo nusu ya pili ya maelezo ya chanzo inapodaiwa. Kipande hakiwezi kutolewa bila mambo mengine kutendeka pamoja nacho. Kuchomoa na kuchomeka hukwangua ukungu mwembamba wa kutu kwenye miguso. Waya uliolegea husukumwa na mkono ukapata mahali pake. Kompyuta hukaa imezimwa nusu saa na kupoa. Mfaransa Pierre Duhem, mwanafizikia aliyekuwa pia mwanafalsafa, alilieleza jambo hili mwaka 1906: jaribio halipimi dhana moja peke yake, hupima kundi zima la dhana zilizofungamana, zikiwemo zile ambazo mpimaji hakujua kwamba anazishika. Aliyebadili RAM amepima RAM, mguso, waya na joto kwa pamoja.

Dawa ya tatizo hili ni moja, na haipendezi: mtuhumiwa arudishwe mahali pake. Kipande A kirudi katika nafasi yake ya zamani na mchezo uanzishwe tena. Kompyuta ikizima, hatia imekuwa nzito. Ikitulia, basi kilichoponya kilikuwa mguso au waya, na kipande kilichokuwa kinaelekea jalalani kimesafishwa jina. Hatua hii inachosha. Aliyeteseka wiki mbili hataki kuialika tena hitilafu kwa hiari yake. Hata hivyo, hapo ndipo anayetaka kujua hutengana na anayetaka kustarehe, na kila mmoja ana haki ya kuchagua, mradi wa pili asiseme kwamba anajua.

Kuna pia swali la muda. Utulivu wa muda mfupi hudanganya, na udanganyifu wake unaweza kuhesabiwa. Kompyuta ikiwa huzima kwa wastani mara moja katika kila saa mbili, bila mpangilio maalumu, basi uwezekano wa kupita saa moja ya mchezo bila kuzima ni kama asilimia 61, hata kama hakuna kilichotengenezwa. Anayecheza saa moja na kushangilia ameshangilia jambo ambalo lingetokea mara 6 katika kila 10 bila yeye kugusa kitu. Akicheza saa sita bila tatizo, uwezekano huo unashuka hadi karibu asilimia 5. Kwa kifupi, utulivu huanza kuwa ushahidi ukifikia mara tatu ya wastani wa muda wa zamani kati ya kuzima na kuzima. Subira husifiwa kuwa tabia njema. Hapa ni kipimo chenye namba.

Je, kiungo chenyewe kinaonekana?

Kipande A kikirudishwa mara tatu na kompyuta ikazima mara tatu, je, imethibitika kwamba A ndicho kinachoizima? David Hume, Mskochi aliyeanza kuchapisha kitabu chake kikuu mwaka 1739, angejibu kwamba kilichoonekana ni mfuatano tu: kipande kimewekwa, kompyuta imezima. Uzi unaofunga tukio la kwanza na la pili haukuonwa na jicho wala kupimwa na mita. Akili, kwa mazoea yake, ndiyo iliyousokota.

Zaidi ya miaka 600 kabla yake, hoja inayofanana ilikuwa imekwisha kuandikwa na Imamu Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni ambaye jina lake linajulikana vyema katika darsa za misikiti ya pwani ya Afrika Mashariki kwa kitabu chake cha Ihya. Katika Tahafut al-Falasifa, alichokiandika karibu na mwaka 1095, alitoa mfano wa pamba na moto. Pamba ikikutana na moto huungua. Kinachoshuhudiwa ni kwamba kuungua kumetokea pale zilipokutana. Kwamba moto wenyewe ndio mtendaji, hilo halikushuhudiwa na yeyote. Kwa al-Ghazali mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na kufuatana kwa mambo ni ada aliyoipitisha katika uumbaji Wake. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa kitabu kizima. Kwake yeye, akili ni kule kuvitambua vitu kwa sababu zake, na anayezikanusha sababu ameikanusha akili yenyewe.

Mbele ya kompyuta iliyofunguliwa, wanazuoni hawa hawapingani kama inavyodhaniwa. Ada ya Mungu kwa al-Ghazali haiyumbiyumbi. Ndiyo inayomfanya mtu awe na yakini kwamba kitabu alichokiacha nyumbani hakikugeuka farasi. Mpangilio ulio imara unaweza kuchunguzwa, kuandikwa daftarini na kutegemewa. Anachokizuia al-Ghazali ni majivuno ya kusema haiwezekani kabisa kuwa vinginevyo. Anachokizuia Ibn Rushd ni uvivu wa kusema ndivyo ilivyoandikwa kabla ya kutafuta. Fundi mzuri huyashika yote mawili. Hutafuta kana kwamba kila hitilafu ina sababu inayoweza kufikiwa, na hutoa hukumu yake akiongeza maneno mawili ya adabu: mpaka sasa.

Mipaka ya kutafuta

Maelezo ya chanzo yaliyotolewa mwanzoni hufika mwisho wake katika hali mbili. Ya kwanza ni pale chanzo kinapoondoka na kuacha alama. Septemba 2024 Intel ilieleza kwamba volti na joto kubwa viliharakisha kuchakaa kwa saketi ya saa iliyo ndani ya prosesa zile za kizazi cha 13 na cha 14. Maikrokodi mpya ilizuia volti hizo zisirudi, lakini prosesa iliyokwisha kuchakaa haikuponywa nayo, na kampuni ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Kisu kikichomolewa jeraha hubaki. Kwa hiyo kuna chanzo kilicholeta hitilafu na kuna hali inayoiendeleza leo, na anayetafuta cha kwanza katika mambo ya leo hatakikuta. Atakipata katika historia ya mashine: iliendeshwa kwa mipangilio gani, kwa muda gani, katika joto gani.

Hali ya pili ni tukio lisilorudi. Mwaka 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek alihesabiwa kura nyingi kuliko zilizowezekana. Ziada ilikuwa 4096 kamili, na 4096 ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani thamani ya biti moja katika kumbukumbu ya kompyuta. Hesabu iliporudiwa kosa halikutokea tena, na wachunguzi walihitimisha kwamba biti moja ilijigeuza yenyewe. Jambo hilo halikuwa geni kwa wataalamu: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ilijulikana kwamba chembe za mnururisho, ziwe zimetoka katika vifaa vyenyewe au angani, zinaweza kugeuza biti iliyo nzima. Kompyuta iliyozima mara moja katika mwaka mzima huenda imepatwa na kitu cha namna hiyo. Hakuna kipande cha kurudishwa, na neno la haki ni kwamba chanzo hakijulikani.

Kwa nini mimi, kwa nini leo

Lipo swali ambalo daftari halilijibu hata likijaa. Kijana amejiandaa mwezi mzima kwa mashindano, na kompyuta yake inazima katika fainali. Akielezwa kwamba kapasita ya pawa saplai imevimba, ataelewa, lakini bado atauliza: kwa nini leo? Mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard aliliandika swali hili mwaka 1937 baada ya kuishi na Wazande, ambao leo wako Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ghala la nafaka likianguka na kuwaumiza waliokaa kivulini mwake, Wazande walijua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini liwaangukie watu wale, saa ileile. Jibu lao lilikuwa uchawi, nao waliliweka pamoja na mchwa bila kumwondoa mchwa.

Swali hilo ni la kibinadamu na halistahili dharau. Anayeamini hulipeleka kwa Mungu, katika dua na katika kuridhia. Hatari huanza linapogeuzwa kuwa shitaka juu ya mtu: jirani mwenye kijicho, rafiki aliyeisifu mashine bila kutaja jina la Mungu, fundi anayesemekana amechomoa kipuri kizima na kuweka kibovu. Mtu aliyeigusa mashine mwisho huwa kama yule kuku mgeni.

Hapo tofauti kati ya kitu na mtu hudhihirika. Kipande cha RAM kinaweza kurudishwa katika nafasi yake, kikapimwa, kikatiwa hatiani au kikasafishwa. Kijicho cha jirani hakina nafasi ya kurudishwa. Hakuna jaribio litakaloleta kosa tena mbele ya macho ya wote, na kwa sababu hiyo hakuna jaribio litakalomtoa hatiani. Shitaka hubaki juu yake maisha yake yote. Fundi aliyeshukiwa wizi anaweza angalau kulindwa na namba za vipuri zilizoandikwa mbele ya mwenye kompyuta kabla ya skurubu ya kwanza kulegezwa. Pasipokuwa na maandishi ya namna hiyo, mshitaki anadaiwa ushahidi mzito kuliko ule unaodaiwa dhidi ya kipande cha plastiki na shaba, wala si mwepesi zaidi kama ilivyozoeleka.

Mwisho wa kazi, vipande vilivyo mezani huingia katika mafungu matatu. Kuna vilivyorudishwa na hitilafu ikarudi navyo: hivi ni vibovu. Kuna vilivyorudishwa na utulivu ukadumu muda wa kutosha: hivi hurudi kazini bila doa. Na kuna ambavyo havikuweza kupimwa, navyo huandikwa hivyohivyo, kwamba havijulikani, mpaka siku ipatikane njia ya kuvipima.